Asilimia Haitoshi

Anayeuliza hewa ya Kisumu ina maji kiasi gani hupewa jibu la asilimia: alfajiri 88, alasiri 46, usiku inapanda tena. Akilichukua jibu hilo lilivyo, ataamini kwamba mchana hewa ilikauka na usiku ikalowa, ilhali huenda maji yaliyomo hayakubadilika hata chembe. Miaka ya kushughulika na mabomba ya hewa ya kompresa kandokando ya ziwa imenifikisha kwenye msimamo mmoja, nao ndio nitakaoutetea hapa. Viwanda na hospitali za ukanda huu hupima unyevu kwa namba isiyozifaa. Namba inayozifaa ni kiwango cha umande, na mwamuzi wa mwisho wa namba hiyo anapaswa kuwa higromita ya kioo kinachopozwa, chombo ambacho wazo lake ni la kale kuliko karibu kila kifaa kingine kilichomo katika chumba cha mitambo.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tuchukue hewa ambayo mvuke wake wa maji una shinikizo la hektopaskali 19.4. Hewa hiyo ikipozwa hadi nyuzi 17 za Selsiasi itaanza kutoa umande. Hicho ndicho kiwango chake cha umande. Alfajiri, hewa ikiwa na nyuzi 19, mvuke huo ni asilimia 88 ya ule ambao ungeweza kukaa hewani katika joto hilo. Alasiri jua likishaipasha hewa hadi nyuzi 30, mvuke uleule unakuwa asilimia 46 tu. Hakuna tone lililoongezwa wala kuondolewa, ni joto lililopanda. Asilimia ni uwiano, na sehemu moja ya uwiano huo hupanda na kushuka na jua, kwa hiyo anayeisoma bila kusoma joto la wakati uleule amesoma nusu ya habari. Waongozao ndege kutua katika uwanja wa Kisumu hawana tatizo hili, kwa sababu taarifa ya hali ya hewa ya viwanja vya ndege, huku kama kwingineko duniani, hutaja joto la hewa na kiwango cha umande, wala haihangaiki na asilimia. Namba hizo mbili zikikaribiana, rubani anajua kwamba ukungu au wingu la chini halipo mbali. Inashangaza kwamba maarifa yaliyo wazi namna hiyo pale uwanjani yanachelewa kufika viwandani, safari ya dakika chache kwa bodaboda.

Chumba cha kompresa ndipo unyevu wa ziwa unapogeuka gharama. Kiwanda cha bia, viwanda vya sukari vya ukanda wa Nyando kutoka Kibos hadi Muhoroni, vinu vya unga, hata karakana ya kupaka magari rangi, vyote hutegemea hewa ya kompresa kufungua vali, kusukuma pistoni au kurusha rangi. Kompresa inayovuta mita za ujazo 10 kwa dakika, katika ile hewa ya alasiri niliyoitaja, humeza zaidi ya lita 8 za maji kwa saa, yote yakiwa mvuke usioonekana. Ikikesha kazini, ni karibu lita 200 kwa siku, pipa zima la maji ambalo hakuna aliyeliagiza. Hewa inapobanwa hadi bar 7 juu ya shinikizo la nje, mvuke nao hubanwa, na kiwango cha umande huruka kutoka nyuzi 17 hadi takriban 57. Kuanzia hapo, kila inapopoa chini ya nyuzi 57, na lazima itapoa, inamwaga maji ndani ya bomba. Kisumu ina mzigo mdogo wa ziada ambao Mombasa haina. Tuko mita 1,130 na ushei juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa ya nje ni kama hektopaskali 890. Kufikia bar 7 zilezile huku kunadai kubana karibu mara 9, pwani mara 8. Kipozaji cha kompresa kikiishusha hewa hadi nyuzi 35, theluthi mbili za maji hayo huanguka na kutolewa kwa vali ya chini. Kikaushio cha friji kikiishusha hadi nyuzi 3, hubaki chini ya asilimia 5 ya maji yaliyoingia.

Je, ni nani aliyewahi kuona usiku wa Kisumu ukifika nyuzi 3? Bomba lenye hewa iliyokaushwa kwa kiwango hicho halitatoa tone mwaka mzima. Ndiyo maana nakereka ninapoona kiwanda kimenunua, kwa kunakili karatasi ya mauzo iliyoandikiwa nchi za theluji, vikaushio vya chembe vinavyofikisha nyuzi 40 chini ya sifuri mahali ambapo kazi ya hewa ni kusukuma pistoni tu. Kikaushio cha aina hiyo kisichotumia hita hujikausha chenyewe kwa kutupa takriban asilimia 15 ya hewa inayopita ndani yake, hewa ambayo umeme wake umeshalipiwa. Hasara hiyo haionekani, kwa kuwa inatoka kama mpulizo mfupi na watu wanauzoea. Kinyume chake nacho kipo: kikaushio kilichochoka kinachoendelea kusifiwa kwa sababu taa yake ya kijani bado inawaka. Namba moja ya kweli ingeumbua makosa yote mawili, lile la kukausha kupita kiasi na lile la kudhani umekausha.

Ziko kazi ambazo ukavu wake si anasa. Mitambo ya kuzalisha oksijeni hospitalini, kama ile mingi iliyosimikwa nchini wakati na baada ya janga la Uviko-19, hupitisha hewa ya kompresa katika chembe za zeolaiti zinazonasa naitrojeni na kuiacha oksijeni ipite. Zeolaiti hushika maji kwa nguvu kuliko inavyoshika naitrojeni. Maji yakiifikia, yanakalia nafasi iliyokusudiwa naitrojeni, nayo oksijeni inayotoka inashuka ubora kidogo kidogo bila mlio wala moshi. Famakopea ya Ulaya, kwa oksijeni ya asilimia 93, inaruhusu maji yasizidi sehemu 67 kwa milioni. Katika shinikizo la usawa wa bahari, gesi yenye maji kiasi hicho hutoa sakitu, yaani barafu badala ya umande, kwenye nyuzi 45 na nusu hivi chini ya sifuri. Gesi hiyohiyo ikipimwa kwa shinikizo la Kisumu, inahitaji kupozwa nyuzi moja zaidi. Sasa turudi kwenye asilimia. Hewa ya nyuzi 28 yenye kiwango cha sakitu cha nyuzi 40 chini ya sifuri ina unyevu wa asilimia 0.34. Ikiwa kiwango hicho ni 60 chini ya sifuri, asilimia ni 0.03. Kihisi cha kawaida cha ukutani, ambacho mtengenezaji wake mwenyewe anakiri kinaweza kukosea kwa asilimia 2 juu au chini, hakiwezi kutofautisha hali hizo mbili, kwani kwake zote ni sifuri. Kwa zeolaiti, hewa moja ina maji mara kumi na mbili ya nyingine.

Kioo huyaonaje yasiyoonekana? Chupa ya soda iliyotoka friji pale sokoni Kibuye hutokwa jasho kwa sababu ileile. Uso wake uko chini ya kiwango cha umande cha hewa inayoizunguka. Watu wa sayansi walilitumia jambo hilo mapema. Katikati ya karne ya 18 Le Roy wa Montpellier alikuwa akipoza maji katika chombo na kusoma joto umande unapoanza kushika nje. Mwaka 1820 Mwingereza John Frederic Daniell alitengeneza chombo kilichopozwa kwa etha. Kasoro ilikuwa jicho la mtazamaji, maana hakuna watu wawili wanaouona umande wa kwanza kwa wakati mmoja. Chombo cha leo kimebaki na wazo hilo na kumwondoa mtazamaji. Kioo kidogo cha shaba kilichopakwa dhahabu au rodi hukaa juu ya kipande cha Peltier, ambacho umeme ukipita upande mmoja hupoa na mwingine hupata moto. Taa ndogo humulika kioo, na kipokea mwanga husoma mwanga unaorudi. Umande ukianza kushika, mwanga hutawanyika na unaorudi hupungua. Mtambo hupunguza ubaridi, umande hupungua, mwanga hurudi, ubaridi huongezwa tena. Baada ya mivutano hiyo kioo hutulia mahali ambapo matone yanayoshika yanalingana na yanayoondoka. Hapo kipimajoto cha platinamu kilichozikwa chini ya uso wa kioo husomwa, na joto lake ndilo kiwango cha umande. Vyombo vizuri hukipata ndani ya nyuzi 0.2, vingine 0.1.

Nguvu ya hoja yangu imo katika neno kutulia. Kihisi cha polima hakipimi maji moja kwa moja. Kinapima jinsi utando mwembamba unavyobadilika uwezo wa kushika chaji unapofyonza mvuke, kisha kinatafsiri badiliko hilo kwa jedwali alilokiwekea mtengenezaji siku kilipozaliwa. Utando unazeeka. Mvuke wa mafuta ya kompresa unauchafua, joto linauchosha, na jedwali linabaki lilelile, kwa hiyo namba inasogea taratibu na hakuna kitu ndani ya kihisi chenyewe kitakachomwambia fundi kwamba imesogea. Kioo hakitegemei jedwali la kiwandani. Uhusiano kati ya joto na shinikizo la mvuke wa maji ni sheria ya maumbile, haubadiliki Muhoroni wala Manchester, na joto ni kipimo ambacho binadamu amekimudu vizuri kuliko vingi. Ndiyo sababu maabara za vipimo za mataifa hutumia kioo kulinganisha vihisi vingine. Aidha, kioo kikikosea, mara nyingi kosa lake lina jina na mwelekeo unaojulikana, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu utando uliozeeka.

Makosa hayo yanajulikana, na wapinzani wa kioo huanza nayo. La kwanza ni uchafu. Chumvi ikitua juu ya kioo na kuyeyuka katika umande, hupunguza shinikizo la mvuke wa matone, umande hushika mapema, na chombo husoma hewa kuwa na maji zaidi ya yaliyomo. Katika mji wenye vumbi na karibu na viwanda vinavyochoma bagasi, pingamizi hili si la kubeza. Jibu ni chujio kabla ya kioo, kusafisha kwa ratiba, na vyombo vinavyojipasha mara kwa mara ili vikusanye uchafu katika visiwa vidogo na kuacha sehemu kubwa ya uso safi. La pili ni sakitu. Chini ya sifuri maji yanaweza kubaki kimiminika kwa muda badala ya kuganda, na namba hutofautiana: mvuke ambao kwa umande ungesomwa nyuzi 20 chini ya sifuri, kwa sakitu husomwa takriban 18. Asiyejua kilichoko juu ya kioo amekosea nyuzi 2, na dawa ni kioo cha ziada cha kutazamia au mtambo unaolazimisha kuganda kwanza. La tatu ni joto letu la kawaida, nalo husahaulika kuliko yote. Kipande cha Peltier cha tabaka moja hushusha kioo kwa takriban nyuzi 45 kutoka joto la mwili wa chombo. Mwili huo ukiwa kwenye chumba cha kompresa chenye nyuzi 40, kioo hakitavuka nyuzi 5 chini ya sifuri hata kikilia. Namba za karatasi ya mauzo zilipimwa katika chumba chenye ubaridi wa Ulaya. Hapa sharti chombo kikae nje ya chumba hicho, au kinunuliwe chenye tabaka zaidi.

Hata hivyo makosa mengi niliyoyaona yakitupiwa kioo ni ya bomba linalokilisha. Fundi huunganisha chombo cha bei kubwa kwa mpira wa plastiki wa bei ndogo, kisha analalamika kwamba namba haishuki. Anapoambiwa maji yanaingia kupitia ukuta wa mpira huo, anacheka: ndani kuna presha ya bar 7, maji ya nje yataingiaje? Yanaingia kwa sababu kila gesi hufuata shinikizo lake yenyewe. Mvuke ulio nje, kando ya ziwa, una hektopaskali 19 au 20. Ndani ya hewa iliyokaushwa hadi nyuzi 40 chini ya sifuri una 0.13. Mvuke kwa mvuke, nje ni mara 150 ya ndani, na bar 7 za naitrojeni na oksijeni haziwezi kuuzuia kupenya nailoni au mpira. Kinachofaa ni bomba jembamba la chuma kisichoshika kutu, fupi, lenye viungo vichache. Sehemu yenye hewa ya nje iliyokauka kwa asili husamehe uzembe huu kidogo, ukingo wa ziwa hausamehe.

Ndipo huja swali la fedha. Kioo hugharimu mara nyingi zaidi ya kihisi cha polima, hujibu polepole, na kwenye ukavu mkali sana kinaweza kuchukua saa nzima au zaidi kabla sakitu ya kutosha haijajengeka. Yote ni kweli, na anayependekeza kioo kwenye kila bomba hajawahi kukaa kwenye kikao cha bajeti. Vihisi vya polima na vya oksidi ya alumini vilivyotengenezwa kwa hewa kavu vibaki kazini vikitazama mchana na usiku, kwani kasi hiyo kioo hakina. Kinachokosekana ni wa kuviamulia. Leo kiwanda kinachotaka kujua kama kihisi chake kimesogea hukitoa na kukipeleka mbali, kwa kawaida Nairobi, ambako Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, lina dhamana ya vipimo vya taifa. Wakati huo bomba linakaa bila jicho, na kihisi kinalinganishwa katika hewa isiyo ile kitakayorudi kuipima. Kioo kimoja kinachosafirishwa kutoka bomba hadi bomba, kikaunganishwa kando ya kihisi cha mwenye bomba na kuachwa kitulie nusu siku, kingemaliza kazi hiyo papo hapo. Gharama yake ikigawanywa kati ya viwanda vya Kisumu na Nyando na mitambo ya oksijeni ya hospitali za kaunti, si kubwa kuliko hewa inayotupwa na vikaushio vinavyojisafisha bila kuulizwa.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi linatoka ufukweni na ghalani. Omena inayoanikwa Dunga au Usenge, mahindi yaliyowekwa kwenye magunia, sukari inayoshikamana mabonge msimu wa mvua, hata uzi wa pamba uliokuwa ukikatika katika kiwanda cha nguo cha KICOMI hewa ilipokauka, vyote havijali kiwango cha umande. Vinafuata asilimia. Chakula hunywa au hutoa maji mpaka kilingane na unyevu wa kiasi wa hewa inayokigusa, na mwanamke anayegeuza omena kwa kiganja chake anapima hilo vizuri kuliko mhandisi mwenye jedwali. Nakubali kwamba hapo asilimia ndiyo namba halali. Lakini maabara inapotaka kuihakikisha, inafunga kiasi kidogo cha unga au samaki katika kikombe kisichopitisha hewa, na ndani ya kifuniko chake kuna kioo kinachopozwa. Umande ukishika, kiwango chake kinalinganishwa na joto la chakula lenyewe, na kwa dakika chache inajulikana maji hayo yako huru kiasi gani kutumiwa na kuvu, kwa namba ambayo ni ile asilimia ya unyevu ikiandikwa kama desimali. Chini ya 0.70 kuvu nyingi hazioti. Chini ya 0.60 hakuna kijidudu kinachokua. Kipimo cha uzito wa maji, kile cha asilimia 13.5 tunachokijua kwa mahindi, hakisemi hilo moja kwa moja, maana nafaka mbili zenye maji sawa zinaweza kuyashikilia kwa nguvu tofauti. Asilimia ya ghalani ni halali, ila shahidi wake mwaminifu ni kioo kilekile.

Kwa hiyo tusingoje kiwanda kimoja kijitwishe mzigo huu. Kioo hicho cha pamoja kikae Taasisi ya Kisumu National Polytechnic au Chuo Kikuu cha Maseno, ambako wanafunzi watakitumia kati ya safari moja na nyingine, na kila anayekikodi alipie mafuta ya gari na saa za fundi. Hati za zabuni za mitambo ya oksijeni na vikaushio nazo ziache kudai hewa kavu na zitaje mambo manne: kiwango chenyewe kwa nyuzi, kama ni cha umande au cha sakitu, shinikizo ambalo kimepimwa, na joto la chumba ambamo chombo kitafanya kazi. Muuzaji akishindwa kutaja shinikizo, namba yake haina maana, kwa kuwa hewa yenye kiwango cha umande cha nyuzi 3 kwa bar 7, ikiachiliwa hadi shinikizo la nje la Kisumu, inakuwa hewa yenye kiwango cha zaidi ya nyuzi 20 chini ya sifuri bila kupoteza wala kuongeza kitu. Na anayesafisha kioo apewe maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kwenye vituo vya petroli kwa ajili ya betri, pamoja na kitambaa kisichoacha nyuzinyuzi, kwa sababu maji ya bomba yakikauka pale juu huacha chumvi ileile inayokidanganya.